Kuogelea chali: anayechapa maji sana ndiye anayebaki nyuma

Ukienda kwenye mashindano ya kuogelea ya shule, iwe Dar es Salaam au Mombasa, utajua zamu ya chali imefika hata ukiwa umefumba macho. Kwenye mtindo huru wazazi hushangilia. Kwenye chali wanatoa amri. "Piga miguu! Nyoosha mkono nyuma! Angalia unakokwenda!" Mtoto mwenyewe masikio yamezama, hasikii hata moja, na heri asisikie. Katika amri hizo tatu, ya kwanza ni kweli nusu, ya pili huumiza bega na kumpeleka mshazari, na ya tatu ndiyo inayomzamisha.

Mwaka 2025 mkanganyiko huu ulitoka bwawani ukaingia vijiweni. Mwezi Machi, Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Watu wakasoma wasifu wake, wakakuta kwamba dhahabu zake mbili za Olimpiki, Athens 2004 na Beijing 2008, zote alizipata kwenye mita 200 chali. Ubishi ukaanza hapo. Hivi kulala chali nako ni mchezo? Si ndivyo tunavyopumzika tukichoka baharini? Mimi nafundisha watoto kuogelea siku za Jumamosi, kwa hiyo maswali hayo yaliniangukia, na nimeona kwamba karibu yote yanatoka kwenye shina moja: tunaita vitu vitatu tofauti kwa jina moja.

Cha kwanza ni kuelea chali. Unalala juu ya maji, huendi popote. Cha pili ni kuogelea chali kwa starehe: mikono yote miwili inafunguka pamoja kama mbawa, miguu inakunjwa na kufungwa kama ya chura, unasogea taratibu huku unapiga soga. Waokoaji wanauthamini mwendo huu kwa sababu hauli pumzi. Cha tatu, ambacho wengine hukiita mtindo wa mgongo, ni chali ya mashindano: mikono inapokezana, mmoja ukiwa hewani mwingine uko chini ya maji, na miguu inapiga juu na chini bila kukoma.

Ajabu ni kwamba sheria hailazimishi mikono ipokezane. Inachotaka ni ubaki chali tangu unapoanza hadi unapomaliza, isipokuwa pale unapogeuka ukutani. Unaruhusiwa kuinamia ubavu, mradi usifike nyuzi 90. Mtindo huu uliingia Olimpiki mwaka 1900 huko Paris, na waogeleaji wa zama hizo walizoea kurusha mikono yote miwili kwa pamoja. Mwaka 1912, Stockholm, Mmarekani Harry Hebner alishinda mita 100 kwa kupokezanisha mikono, na tangu hapo mwendo wa zamani ukabaki wa starehe. Sababu utaielewa ukiwahi kusukuma mkokoteni. Mkokoteni unaotembea ni mwepesi. Unaosimama kila hatua tatu ukauanzisha upya utakutoa jasho hata ukiwa mtupu. Mikono miwili kwa pamoja ni mkokoteni wa kusimama na kuanza. Mikono inayopokezana haiachi mwili upoe.

Chombo kilicholemea tezi

Sasa tuingie kwenye kiini, na hapa nitakaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu hapa ndipo sekunde zinapopotelea.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Ukikimbia barabarani huku umefungua koti, hewa inakupunguza kidogo. Majini, kila kitu kinachoning'inia kinakuvuta. Chukua ubao uusukume majini ukiwa umelala bapa: unateleza. Usukume ukiwa umesimama wima: maji yanagoma. Mwogeleaji aliyelala bapa na mwogeleaji ambaye kiuno kimezama wanaweza kuwa na nguvu sawa kabisa, na bado mmoja akamwacha mwenzake nusu ya bwawa.

Ndani ya mwili wako kuna boya na kuna nanga. Boya ni mapafu, yako kifuani, yamejaa hewa. Nanga ni miguu, hasa mapaja yenye misuli. Ukilala majini bila kufanya lolote, boya linapanda, nanga inashuka, na mwili unageuka kama bembea ya ubao inayolemewa upande mmoja. Nahodha wa ngalawa anajua jambo hili bila kufundishwa fizikia. Ukirundika shehena yote tezi, yaani nyuma ya chombo, omo, yaani mbele, inainuka, na hata tanga lijae upepo namna gani, chombo kitalima maji badala ya kuyakata.

Kichwa ndicho shehena unayoweza kuihamisha. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Kikiwa kimelala majini, maji yanakubeba uzito huo bure. Ukikiinua ili uone vidole vya miguu, kilo hizo zinahamia kwenye mwili, na mahali pa kwanza panaposhuka ni kiuno. Jaribu mwenyewe mahali penye kina kifupi, mtu akiwa karibu: vuta pumzi, lala chali, masikio ndani ya maji, tazama juu moja kwa moja. Ukitulia, sogeza kidevu kifuani kana kwamba unatazama kitovu. Kabla hujahesabu mbili utakuwa umekaa kama mtu aliye kwenye kiti cha plastiki. Ndiyo maana ile amri ya "angalia unakokwenda" inazamisha. Kwanza anayeogelea chali anakwenda upande wa kisogo, hata akiinua kichwa haoni anakokwenda, anaona alikotoka.

Kuna wanaosikia hivyo wakatupa kichwa nyuma kabisa. Hilo nalo ni kosa. Mgongo unapinda kama upinde, maji yanafunika paji la uso, na mtu anaanza kupaliwa. Kichwa kikae kama umelalia mto mwembamba: masikio ndani, uso mkavu, macho yakitazama juu na kidogo upande wa miguuni. Halafu inua kitovu, kana kwamba kuna uzi unaokivuta kwenda juu.

Zoezi la kichwa halina gharama. Chukua kikombe cha plastiki, kijaze maji nusu, kiweke kwenye paji la uso, halafu ogelea. Waogeleaji wa kiwango cha Olimpiki hufanya zoezi hili, na watoto wangu hulipenda kwa sababu linageuka mchezo. Siku ya kwanza kikombe huanguka kabla ya mkono wa pili. Aliyefika mita kumi bila kukiangusha hahitaji tena nimweleze habari ya kichwa.

Hapa lazima nijibu mambo mawili yanayorudi kila mara. La kwanza: "Mwalimu, baharini naelea vizuri, bwawani nazama, kwa nini?" Kwa sababu ya chumvi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari inazidi hapo kwa gramu 25 hivi. Inaonekana kidogo, lakini mtu wa kilo 70 akiingia baharini anapata msaada wa ziada wa karibu kilo moja na robo tatu, kama vile ameshika dumu dogo tupu. Bahari inakusamehe mlalo mbaya. Bwawa halikusamehi. Waliojifunzia Bamburi au Kigamboni hushtuka siku ya kwanza bwawani, wakadhani wamesahau kuogelea, kumbe hawajasahau kitu, wamepokonywa dumu.

La pili ni lile la kusema Waafrika wana mifupa mizito hivyo hawaelei. Nimelisikia hadi kwa watu wenye digrii. Mtu yeyote mwembamba mwenye misuli mingi, awe mzaliwa wa Oslo au wa Tanga, miguu yake itazama haraka kuliko ya mtu mnene, kwa sababu mafuta yanaelea na misuli haielei. Hiyo ni tofauti ya mtu na mtu. Anthony Nesty wa Suriname alishinda dhahabu ya mita 100 kipepeo mwaka 1988, Simone Manuel wa Marekani akashinda ya mita 100 mtindo huru mwaka 2016, na hakuna aliyewabadilishia mifupa kabla ya kuruka majini. Wanaozama wengi wamekosa bwawa na mwalimu. Na mwenye miguu inayozama hajalaaniwa. Ana kazi kidogo ya ziada ya kichwa, kitovu na teke jepesi.

Mshikaki

Watu wengi wakifikiria kuogelea chali wanamwona mtu aliyelala bapa kama mkeka, mikono tu ikizunguka. Ukimtazama Coventry kwenye picha za Beijing utaona kitu kingine. Kichwa kimetulia kabisa, lakini mwili wote kuanzia mabegani hadi nyonga unageuka: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, wa kulia tena. Fikiria mshikaki juu ya jiko. Kijiti kimenyooka, hakipindi, na nyama zote zinageuka pamoja kukizunguka. Tofauti ni moja tu: nyama ya mwisho, yaani kichwa chako, haigeuki.

Kwa nini ugeuke? Simama uegemee ukuta, visigino na mgongo vimegusa. Inua mkono wa kulia wima karibu na sikio, kisha jaribu kusukuma kiwiko nyuma kuelekea ukutani. Bega linakataa, na ukilazimisha linauma. Sasa toka ukutani, geuza mwili kidogo kulia, ujaribu tena. Bega limekubali. Anayeogelea bapa kama mkeka analazimisha bega mamia ya mara kwa kila mazoezi, halafu anakuja kulalamika kwamba chali inaumiza mabega. Chali haimuumizi, kinachomuumiza ni kukataa kugeuka.

Kuna faida nyingine mbili. Bega likizama, mkono unafika kwenye maji tulivu yaliyo chini kidogo, mbali na mapovu ya juu, na mapovu hayashikiki. Wakati huohuo bega la upande wa pili linatoka nje ya maji, na mkono unaorudi unapita hewani, mahali pasipo na upinzani. Ugeuke kiasi gani? Nyuzi 30 hadi 45 zinatosha. Ukizidisha hapo unapoteza mlalo.

Njia nzuri ya kulijua hili ni kuanza bila mikono. Lala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umelala kwenye paja, uso ukitazama juu. Piga miguu mara sita, geuka ubavu wa pili, piga sita tena. Mwanzoni utahisi unapinduka kama ngalawa isiyo na mbao zake za pembeni. Vumilia wiki mbili.

Mkono: saa, kafi na mpira

Tuchukulie umelala kwenye uso wa saa ya ukutani, kichwa kiko kwenye 12. (Nazungumzia tarakimu zilizoandikwa ukutani. Mwanafunzi wangu mmoja mtu mzima alihesabu saa za Kiswahili akageuka upande usiojulikana, kosa likawa langu.) Mkono mmoja uingie majini kwenye 1, mwingine kwenye 11. Yaani mbele ya bega, wala usivuke nyuma ya kichwa.

Ndiyo maana "nyoosha mkono nyuma" si ushauri mzuri. Mtoto anaunyoosha hadi unavuka mstari wa kichwa, kiuno kinasukumwa upande wa pili, mkono unaofuata unafanya vilevile, na mwendo mzima unakuwa wa nyoka mchangani. Ukiona mwogeleaji anagonga kamba za njia kulia na kushoto, usimpigie kelele anyooke. Tazama mikono yake inaingilia wapi. Dawa inayofanya kazi ni ya kujidanganya kidogo: mwambie aingize kwenye 10 na 2. Kwa sababu hajioni, atadhani ametanua mno, kumbe ndiyo kwanza amefika kwenye 11 na 1.

Kidole cha mwisho ndicho kinachotangulia kuingia, kiganja kikitazama nje, mkono umenyooka. Ukiingiza mgongo wa kiganja unapiga kofi la maji, na kofi huleta mapovu. Kidole cha mwisho kinaingia kama kisu. Wakati wa kutoka, mkono ukiwa kando ya paja, kidole gumba ndicho kinachotangulia, na kiganja kinageuka taratibu mkono ukiwa hewani.

Kazi yenyewe inafanyika kati ya kuingia na kutoka, chini ya maji, ambako mtazamaji wa kando haoni. Wengi wanaamini mkono ubaki umenyooka kama bawa la kinu cha upepo. Kwa mtoto anayeanza sina ugomvi na hilo, aanze hivyo. Lakini hebu fuatilia mkono ulionyooka unavyozunguka. Mwanzoni unasukuma maji kwenda chini, kwa hiyo kifua kinainuka. Mwishoni unayainua maji juu, kwa hiyo kifua kinazama. Ni kipande kidogo tu cha katikati kinachosukuma maji kuelekea miguuni, na maji yanayokwenda miguuni ndiyo pekee yanayokupeleka mbele. Mvuvi akipiga kafi hachapi maji juu wala hayachoti. Anazamisha bapa la kafi, analisimamisha, anavuta.

Kafi lako ni kiganja pamoja na kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja), vyote viwili. Mkono ukishaingia na bega likishazama, kunja kiwiko. Kufika usawa wa bega kiwe kimekunjwa karibu nyuzi 90, vidole vikielekea pembeni, kiganja kikitazama miguuni. Kuanzia hapo fanya kama unarusha mpira kuelekea magotini, na umalizie kwa kusukuma chini kando ya paja. Msukumo huo wa mwisho una kazi ya pili: ndio unaoinua bega lako na kukugeuza ubavu mwingine. Hapo ndipo mshikaki na kafi vinapokutana, na ndipo nguvu ndogo inapoanza kuzaa mwendo mkubwa.

Mikono ikae kama pedeli za baiskeli, mmoja ukianza mwingine unamaliza. Kosa la kawaida ni mkono kupumzika kwenye paja ukimsubiri mwenzake. Umerudi kwenye mkokoteni wa kusimama na kuanza.

Miguu, na ule ukweli nusu

"Piga miguu" ni kweli nusu kwa sababu miguu ni muhimu, lakini anayeambiwa apige kwa nguvu hukunja magoti na kuanza kuendesha baiskeli. Magoti yanatoka nje ya maji, mapaja yanasimama kama ukuta mbele ya mwendo, kelele nyingi, safari fupi. Teke la chali linaanzia nyonga. Goti linalegea kidogo tu na halitoki majini hata siku moja. Nguvu iko wakati mguu unapopanda: fikiria umevaa kandambili iliyolegea na unataka kuirusha ipae. Mwendo huo wa kurusha, mwepesi na wa haraka, ndio tunaoutaka. Maji juu ya vidole yawe kama yanachemka, yasiruke kama yamepigwa jiwe. Wengi wa mashindano hupiga mateke sita kwa kila mzunguko mmoja wa mikono yote miwili.

Wachezaji mpira na wakimbiaji wana shida yao ya pekee. Vifundo vyao vya miguu vimekaza, vidole vinatazama juu kama mtu aliyesimama, na mguu unageuka ndoano. Nimemwona beki mmoja mwenye mapaja kama magogo akipiga miguu kwa dakika nzima huku akirudi nyuma polepole. Alicheka yeye kabla yetu. Dawa yake haikuwa nguvu, ni kukalia visigino kila jioni mbele ya televisheni ili vifundo vilegee.

Kuhusu pumzi nitasema machache. Kwa kuwa uso uko nje, watu hudhani hakuna cha kujifunza, halafu wanabana pumzi bila kujua, kifua kinakaza, na maji yanayotiririka kutoka kwenye mkono yanaingia puani. Vuta hewa mkono mmoja unapopita juu, itoe mwingine unapopita, kila mzunguko. Itoe kwa pua, polepole, ukiguna "mmm" kama anayekubali jambo. Pua inayotoa hewa haipokei maji.

Ukuta usiouona

Tishio la kweli la kuogelea chali ni ukuta. Kwenye mashindano, kamba yenye vibendera huvutwa juu ya bwawa, mita 5 kutoka kila ukuta, kuanzia mita 1.8 juu ya maji. Wengi hudhani ni mapambo. Ni macho ya mwogeleaji. Kila mmoja anajua idadi yake: akipita chini ya bendera anahesabu mikono mitatu, minne au mitano, kulingana na mwili na mwendo wake, na mkono wa mwisho unamfikisha ukutani. Idadi hiyo ijue kwa mwendo wa mazoezi na kwa mwendo wa mashindano, maana hazilingani.

Zamani kugeuka kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa ilikubidi uguse ukuta kwa mkono ukiwa bado chali. Tangu mwaka 1991 unaruhusiwa kupinduka tumbo, kuvuta mkono mara moja, kujipindua na kuusukuma ukuta kwa miguu ukiwa tayari chali tena. Usichoruhusiwa ni kupinduka mapema kisha ukateleza ukisubiri ukuta ukufikie. Watoto wengi hufutiwa matokeo hapo. Na mwishoni mwa mbio lazima uguse ukiwa chali.

Mwaka huohuo wa 1991 ndipo mpaka wa mita 15 ulipowekwa. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, Mmarekani David Berkoff alikuwa akianza mita 100 kwa kupita chini ya maji zaidi ya mita 30, akijisukuma kwa miguu yote miwili pamoja kama pomboo, kwa sababu chini hakuna mawimbi ya kumpunguza. Daichi Suzuki wa Japani naye alikaa chini sana, na ndiye aliyeshinda dhahabu. Wakuu wa mchezo wakaona chali inageuka mashindano ya kupiga mbizi, wakaweka kikomo cha mita 10, kisha wakakisogeza hadi 15. Kwa mwanafunzi wa kawaida maana yake ni ndogo: ukitoka ukutani bana mikono juu ya kichwa, piga mateke matatu au manne ya pomboo, panda juu kabla pumzi haijakusumbua.

Mabwawa mengi tunayotumia, hasa ya hoteli, hayana bendera. Mimi nina kovu dogo kisogoni la bwawa la namna hiyo, la siku nilipokuwa nikiwaonyesha wenzangu jinsi ya kumaliza kwa kasi. Siku hizi nikifika mahali kama hapo napima hatua sita kutoka ukutani, natafuta miavuli miwili inayotazamana, nafunga kamba yenye leso mbili. Kama miavuli haipo, mtu husimama mwisho wa njia.

Baharini hakuna ukuta, lakini kuna mkondo. Anayeogelea chali hajui amesogea kiasi gani hadi ageuke, na maji yanayokupwa hayatoi taarifa. Ogelea sambamba na ufuo, si kuelekea nje, weka mnazi au paa la nyumba kama alama, na geuka uangalie mara kwa mara. Boti za uvuvi hazikuoni, na wewe huzioni.

Ukitaka kujua kama unaendelea vizuri, acha kupima kwa kuchoka. Hesabu mikono unayotumia kuvuka bwawa la mita 25. Ikiwa leo ni thelathini, na baada ya mwezi ni ishirini na minne kwa muda uleule, mlalo wako umebadilika, hata kama hakuna aliyeona.

Mama mmoja, baada ya kumweleza haya yote, aliniuliza kwa uchungu: sasa mimi nipige kelele gani? Nilimwonyesha mwisho wa njia, kwenye bwawa letu lisilo na bendera. Siku hizi kila Jumamosi anachuchumaa pale, kimya, kiganja chake kimetangulia mbele ya ukuta, na mwanawe anakuja kwa kisogo bila kupunguza mwendo.